Kalamu ya Mama Amira

Hajira alihamia nyumba yetu ya Ilala, chumba cha pili kushoto, akiwa na cherehani, godoro na mwanawe Amira mgongoni. Anashona sare za shule na kuzipeleka Kariakoo. Ni mchapakazi, hilo simnyimi. Lakini mlango wake ulikuwa umefungwa kutwa, kama milango ya wapangaji wote wa siku hizi. Zamani nyumba hii ilikuwa na mapazia tu milangoni, na mtoto akitambaa ukumbini alikuwa na mama sita. Soketi ilikuwa moja, usawa wa bega la mtu mzima. Sasa mafundi wanaziweka chini, eti ndiyo fasheni.

Amira alipoanza kutembea, Hajira aliingiwa na hofu. Akanunua kwa Mudi, mmachinga wa Kariakoo, vifuniko vya plastiki vya kuziba soketi.

"Kaniambia watoto wa matajiri kule Masaki ndo wanalelewa na hivi."

"Na wa Ilala tuliwalea na nini?" nikamuuliza.

"Na bahati, babu," akanijibu, akicheka.

Akaziba soketi zote. Tatizo, chaja yake ilikuwa ya pini mbili, na soketi zetu ni za matundu matatu. Kama nusu ya mji huu, kila jioni aling'oa kifuniko, akachomeka kalamu tundu la juu ili ya chini yafunguke, kisha akasukuma chaja. Amira alikaa pembeni, akitazama.

Alhamisi moja Hajira alitoka kufua uani, mlango akauacha wazi. Nikapita ukumbini, nikachungulia ndani. Kifuniko kilikuwa sakafuni. Kalamu imesimama tundu la juu, sawasawa na vile mama yake anavyoiweka. Amira ameshika pini ya nywele, anaipeleka kwenye tundu la chini.

Sikupiga kelele, mtoto akishtuka husukuma. Nilimnyanyua kwa kwapa. Ndipo akalia.

Hajira akaja mbio, mikono ina povu. Akaitazama ile kalamu.

"Nani kamfundisha?"

Akakaa chini, akamkumbatia mwanawe.

Siku ileile alikwenda Kariakoo, akarudi na chaja ya pini tatu. Jioni simu ilipolia inataka chaji, Amira alifungua droo ya cherehani, akatoa kalamu nyingine, akampelekea mama yake kwa mikono miwili, kama mtoto mwenye adabu.

Hajira aliipokea. Akaivunja, akatoka kwenda kuitupa chooni. Aliporudi hakufunga mlango. Alitundika pazia.