Aliyekataa Goti Jipya kwa Ajili ya Kijiti

Jua halijachomoza, na basi la manjano limeshaanza kunguruma uani. Verna Dueck hawezi kukaa ndani kungoja lipate joto. Amekwisha kulizunguka mara mbili, amepiga teke magurudumu, amekwangua barafu ya kioo cha mbele, amejaribu taa zote, na sasa anatafuta kitu kingine cha kufanya.

"Zunguka," anasema, bila kupaza sauti.

Mbwa wa rangi ya kahawia anachomoka kutoka nyuma ya trela bovu mwishoni mwa uwanja. Sikio moja limesimama, jingine limelala. Anaipita koni ya barabarani, anakata kona, anaiendea ya pili. Verna hajasogea hata hatua. Mkono mmoja uko mfukoni, mwingine umeshika kahawa.

"Mbali. Mbali zaidi. Haya, kulia kwako."

Mbwa anafuata kila neno. Akimaliza, anarudi mbio na kukaa karibu na mguu wa kushoto wa bibi yake, ule mzima. Wa kulia hauegemei. Alishajifunza kwamba ukiguswa, mwenyewe huguna.

"Nina watoto hamsini nyuma ya mgongo wangu kila siku," anasema Verna. "Huwezi kugeuka kila mmoja akimvuta mwenzake nywele. Macho yanabaki barabarani, kazi inafanywa na sauti. Na huyu nimemfundisha hivyo hivyo."

Verna ana miaka hamsini na sita, na karibu ishirini kati ya hiyo ameimaliza akiendesha basi la shule katika barabara za changarawe nje ya Steinbach, Manitoba. Mbwa wake anaitwa Tweeback, jina la mkate wa siagi wa tabaka mbili ambao akina mama wa dhehebu la Kikristo la Kimenno huuoka Jumamosi. Aliokotwa kando ya barabara huko kaskazini, akiwa mbavu tupu, na hakuna ajuaye ni wa kabila gani la mbwa.

Wote wawili hawatulii. Mumewe Verna, Arlen, ambaye ni fundi wa mabomba, anasema kuishi na mkewe ni kama kuishi na feni. "Unazoea upepo," anasema. "Ukizimika ndipo unapoamka."

Ni Arlen aliyempeleka Verna kwenye mbio za vikwazo za mbwa, miaka sita iliyopita, akitumaini zitamchosha. Hazikumchosha. Kilichomnasa ni mbio za kupokezana kijiti: watu watatu, mbwa watatu. Wa kwanza anamwongoza mbwa wake kuruka viunzi, kupita ndani ya bomba la kitambaa na kupenya katikati ya nguzo, kisha anamkabidhi mwenzake kijiti, naye anaanza na mbwa wake. Mbwa mmoja akikosea, wote sita wamekosea.

"Nikiwa peke yangu nikishindwa, najilaumu, tunakwenda kula," anasema Verna. "Kwenye kijiti kuna watu wanakungoja. Hiyo ndiyo inayoninyima usingizi, na hiyo ndiyo ninayoipenda."

Wanaomngoja ni wawili. Wa kwanza ni Harvey Unrau, mfugaji wa nguruwe aliyestaafu, mwenye miaka sitini na minane na mfuko usioisha mbegu za alizeti. Mbwa wake, Duchess, ana miguu mifupi na tumbo karibu na ardhi. Akikimbia anafanana na kigoda kilichofukuzwa. Wa pili ni Marites Abarquez, mhudumu katika nyumba ya wazee, aliyetoka Ufilipino akiwa msichana. Mbwa wake ni mweusi mwenye kola nyeupe, na anaitwa Kidlat, yaani radi kwa lugha ya kwao.

Harvey humwita Verna "dereva". Marites humwita "dada". Kwa miaka minne timu hiyo haikuwahi kubadilika.

Kilichobadilika ni goti. Mfupa ulianza kusaga mfupa, na daktari akamwingiza Verna kwenye foleni ya kuwekewa goti la bandia. Foleni ilikuwa ndefu. Aliambiwa asiende mbali na simu, maana nafasi huweza kutokea ghafla mgonjwa mwingine akiahirisha.

Huku akingoja, alimfundisha Tweeback kukimbia mbali naye. Kwa kawaida mwongozaji hukimbia sambamba na mbwa wake, akimwonyesha njia kwa mabega na mikono. Verna hakuweza tena. Majira yote ya baridi alisimama mahali pamoja na kumtuma kwa maneno, kwanza hatua chache, kisha mpaka ng'ambo ya uwanja.

"Mbwa hapendi," anakumbuka. "Kila akifika mbali anageuka kunitazama, kama anauliza: wewe huji?"

Jumanne moja ya Machi, akiwa ameegesha nje ya shule, simu ikalia. Kuna mgonjwa ameahirisha, akaambiwa. Nafasi ipo Ijumaa hii. Anaitaka?

Jumamosi yake yalikuwa mashindano ya mkoa kule Brandon. Timu tatu za kwanza zingekwenda mashindano ya taifa mwezi wa Agosti.

Verna alimwomba mpigaji amsubiri kidogo. Akashuka, akalizunguka basi lote akichechemea, akapanda tena.

"Hapana, asante," akasema. "Mpeni mwingine. Mimi nirudisheni kwenye foleni."

Hakumwambia mtu. Arlen alihisi tu. "Mke wangu akianza kuosha madirisha katika baridi ya Machi, kuna jambo," anasema. "Lakini nilijua nikiuliza atahamia kwenye paa."

Kwa nini alikataa? Verna anakitazama kikombe chake kabla ya kujibu.

"Duchess alikuwa anafikisha miaka kumi na mmoja. Harvey alishasema mkoani ndiyo mwisho wake, labda na taifa tukifika. Ningejitoa, timu ya wawili haipo. Yule bibi kizee angestaafia sebuleni bila mtu kumpigia makofi. Basi. Sikufikiri zaidi ya hapo."

Uwanja wa Brandon ni banda la farasi, sakafu yake mchanga na maranda. Siku hiyo mbwa walibweka mpaka watu wakawa wanaongea kwa ishara. Verna alikwenda msalani mara kwa mara, akafunga kamba za viatu upya, akafungua, akafunga tena.

"Dereva, kaa chini, unanitia kizunguzungu," Harvey alimwambia.

"Wewe mtazame mbwa wako, asije akasinzia kwenye bomba."

"Akisinzia ni haki yake. Amefanya kazi kuliko wewe."

Duchess hakusinzia. Alikimbia taratibu, bila kosa hata moja, masikio yakirukaruka, na watu waliomjua wakasimama kumshangilia. Harvey alifika kwenye boksi la kupokezana uso umemwiva, akakiweka kijiti mkononi mwa Verna. Tweeback alikwisha ondoka.

Viunzi viwili vya mwanzo vilikwenda vizuri. Verna alipopiga hatua ya kuelekea cha tatu, goti likakwama. Halikuuma, anasema, lilikataa tu, kama mlango ulioganda. Akasimama katikati ya uwanja na kijiti chake.

Marites aliona kutoka upande wa pili. "Nilijua tumekwisha," anasema. "Nilimshika Kidlat kola, nikajiambia, Marites, usilie mbele za watu."

Verna akaanza kusema. Mbele. Bomba. Kulia kwako. Tweeback akaingia kwenye bomba na kutokea ng'ambo, akasikia neno jingine, akalifuata. Alipofika kwenye nguzo za kupenya, kelele zilikuwa zimepungua bandani, maana watu walikuwa wametambua kwamba yule mwanamke hatembei.

Mbele ya kiunzi cha mwisho mbwa alisimama. Akageuza kichwa kumtafuta bibi yake, mbali kuliko alivyowahi kumwacha.

"Nilimwona anataka kurudi," anasema Verna. "Na kama angerudi nisingemlaumu. Nikamwambia, ruka, nakuja. Akaruka."

Lakini kijiti hakikuwa na miguu. Ilibidi akipeleke mwenyewe, akiburuta mguu kwenye mchanga huku saa ikiendelea, na Marites, asiyeruhusiwa kutoka kwenye boksi, akiunyoosha mkono mpaka bega likauma.

"Pole pole, dada! Lakini haraka!"

Kidlat alikimbia kama jina lake. Akazipita timu mbili ambazo muda wao ulikuwa mzuri. Alibakiza moja tu kabla ya kuingia tatu za kwanza.

"Wa nne," Harvey alisema, akitema ganda la alizeti. "Hakuna nafasi mbaya kama hiyo. Unapata uchungu wote na utepe hupati."

Walikula tambi za Marites nyuma ya gari, wakipakua kutoka sufuria moja, wakicheka kidogo kidogo. Ndipo Marites, ambaye kazi yake ni kuwainua wazee wenye magoti ya aina hiyo, akauliza swali ambalo hakulikusudia lifike mbali.

"Dada, hospitali wamelala? Kwa goti lile wangekuwa wameshakuita."



"Waliniita," Verna akasema. "Ilikuwa iwe jana."

Harvey akaweka uma chini. "Jana Ijumaa?"

"Jana Ijumaa."

"Nawe ukawaambia nini?"

Mzee akainuka, akamfunga Duchess kamba, akampandisha garini, akaondoka bila kuaga. Tambi zake zilibaki kwenye sahani.

Njia ya basi la Verna hupita mbele ya lango la Harvey asubuhi na jioni. Kwa miaka yote mzee alikuwa akisimama pale na Duchess, akiinua kofia, na watoto wakipiga kelele dirishani. Baada ya Brandon lango lilibaki tupu. Watoto waliuliza. Verna aliwaambia wakae vizuri kwenye viti vyao.

"Nilipita pale kama mtu anayepita mbele ya duka alikokopa," anasema.

Wiki ya tatu alifika alfajiri kwenye uwanja anapoegesha basi na kukuta gari la Harvey limeegeshwa mahali pake. Mzee alikuwa ndani, anatafuna mbegu.

"Duchess amestaafu," Harvey akasema kupitia dirishani, bila salamu.

"Najua."

"Nipe mbwa wako, basi."

"Nini?"

"Nimwongoze mimi. Ukiwa umelazwa timu itakuwa na mbwa, na wa tatu tutamtafuta. Na wakikupigia simu tena, hutakuwa na kisingizio."

"Kwa hiyo umenisamehe."

"Sijakusamehe. Ungeniambia ile Jumanne, ningekubeba mpaka hospitali kwenye trela la nguruwe." Akatema ganda. "Unadhani nilihitaji makofi ya watu wa Brandon? Mbwa wangu huyo hapo. Tumekimbia pamoja miaka kumi. Nilichohitaji ni wewe uweze kupanda ngazi."

Verna alikataa. Kesho yake mzee alirudi, akakataliwa tena. "Ni kama kumwazima mtu meno yako akatafunie," anasema Verna. Usiku ule alizunguka nyumba mpaka Arlen akatoka chumbani.

"Unaogopa nini?" Arlen alimuuliza. "Kwamba mbwa atamkataa Harvey?"

"Hapana," alijibu. "Kwamba atamkubali."

Asubuhi alimpigia mzee simu.

Hospitali imempa tarehe nyingine, wiki ya kwanza ya Julai. Imeangukia vizuri, kwa sababu shule zitakuwa zimefungwa na madereva hawalipwi wakati huo, hivyo hatapoteza hata safari moja. Daktari amemwambia atatembea vizuri baada ya miezi miwili. Kuhusu kukimbia, alitikisa kichwa kwa namna ambayo Verna ameamua kuifasiri kuwa labda.

Kazi iliyobaki ni Harvey. Mzee ana miguu ya kutosha, ila hana sauti. Anazungumzia kifuani. "Amezoea kusema na nguruwe, ambao hawana haja ya kusikia," anasema Verna.

Jumapili hii wako kwenye banda lao la mazoezi. Harvey anatuma, Tweeback anakwenda kiunzi kimoja, anageuka na kumtazama Verna aliyesimama ukutani. Harvey anaanza upya. Mbwa anageuka tena. Mara ya tatu anaacha kila kitu na kuja kukaa kwenye mguu wa kushoto.

"Dada," anasema Marites kwa upole, "tatizo si Mzee Harvey. Tatizo ni wewe. Toka nje."

Anatoka. Nje theluji inayeyuka na uwanja wa magari ni matope matupu. Kuna ndoo ya kukalia, anaikalia, anainuka. Kupitia ukuta wa mabati anasikia mnong'ono wa Harvey.

"Mbele!" Sauti ya mzee inapasuka, kubwa kuliko alivyowahi kuisikia. "Mbele, kijana wangu!"

Kucha zinakwaruza mbao. Ubao wa bembea, kikwazo ambacho mbwa hupanda upande mmoja na kushukia wa pili, unapiga chini: amevuka. Kisha Harvey anacheka.

Verna ameshashika kitasa cha mlango. Anakiachia. Anajifuta uso kwa kiganja cha glovu, haraka, kama anayefuta kioo cha basi.

"Machi ijayo," anasema. "Brandon. Nataka kukimbia. Hata kama ni taratibu. Akigeuka kunitafuta, anikute pembeni yake."

Ndani, Harvey ameanza tena. Verna anauacha mlango na kuondoka kupitia matopeni, akichechemea, mpaka kwenye gari lake. Anapanda, anafunga vioo vyote asisikie, na kungoja.