Hoja Isiyo na Mtoaji

Wazazi wetu walipofariki niliacha shule, nikabaki na wadogo zangu, ng'ombe wawili na kihamba cha kahawa na migomba. Nilisema mmoja wetu lazima amalize chuo. Mdogo wangu wa kiume akakipata, hapo hapo Moshi. Mwaka wa pili akalazwa hospitali ya Mawenzi majuma ya mitihani. Walimu wake walikubali apewe mtihani maalumu pamoja na wale wa marudio, lakini ruhusa ilitakiwa itoke seneti, kikao kikuu cha chuo.

Siku ya kikao niliketi kwenye benchi, nje ya ukumbi. Madirisha ni ya vioo vya kupangwa, kila neno linatoka. Asubuhi nzima walirekebisha kumbukumbu za kikao kilichopita. Mmoja akisema "Taarifa, Mwenyekiti," mwingine anadakia, "Utaratibu, Mwenyekiti!" Baadaye wakabishana kama ile "Utaratibu" ya mwenzao ilikuwa ya utaratibu.

Suala letu likafikiwa mchana. Walisema vizuri mno. Mmoja alisimulia alivyougua akiwa mwanafunzi. Mwingine akasema kijana huyu ni yatima, tumwonee huruma. Hakuna aliyepinga. Mwenyekiti akawashukuru kwa michango mizuri, wakaendelea na jambo jingine.

Kwetu mlimani, kikao cha ukoo kikifika hapo, neno limekwisha. Kinachobaki ni kunywa mbege, pombe yetu ya ndizi. Nikapanda nyumbani mbio. "Umeruhusiwa! Shika daftari."

Alisoma hadi macho yakavimba. Siku ya mtihani akakuta jina lake halipo.

Nilishuka mjini na gauni la shambani, nikamkuta Mwenyekiti kwenye ngazi.

"Shikamoo, Profesa. Mlimruhusu mdogo wangu, mbona amezuiwa?"

"Marahaba, mama. Hatukumruhusu. Hatukumkatalia pia." Alisema kwa upole kabisa. "Hakuna aliyetoa hoja. Bila hoja hakuna wa kuunga mkono, na bila hivyo hakuna uamuzi."

"Si nyote mlimwonea huruma?"

"Sana! Mimi mwenyewe nilimwunga mkono kwa moyo wote."

"Kwa moyo, Profesa. Na mdomo ulikuwa wapi?"

Akacheka, akanishika bega. "Kikao kijacho, mama."

Kikao kijacho nilikuwa kwenye benchi lile lile. Safari hii mmoja alisema, "Natoa hoja." Mwingine, "Naunga mkono." "Wanaopinga?" Kimya. Sikuwa hata nimekaa vizuri. Lakini mitihani ilikuwa imepita, na mdogo wangu alisubiri ya mwaka uliofuata, akikata majani ya ng'ombe huku wenzake wakimtangulia.

Alimaliza. Ila mimi sijapoa. Siku hizi ukoo ukikaa, wazee wakishasema na kuitika, wanaponyoosha mikono kwenye kata ya mbege, nauliza, "Nani anatoa hoja?"

Baba mdogo hukunja uso. "Huyu naye na useneti wake! Mbege inapoa."

Mbege haipoi, ilishapoa tangu jana. Naishika kata, nasubiri mtu aseme.