Ami kabadilisha chaneli roketi ikiruka

Bado nina hasira.

Mdogo wangu Salma ni injinia. Kuna sehemu ya ile roketi kubwa mpya aliyoitengeneza yeye. Ya kwanza ililipuka, ya pili ikaahirishwa. Leo tulijazana kwa mama, hapa mtaani Rayners Lane, ughaibuni, kuitazama ikiruka.

Tunahesabu sekunde, ami, ndugu yake baba, kachukua rimoti.

Kaweka mpira!

Tukapiga kelele. Alipoirudisha, roketi imeshapotea mawinguni. Mama machozi yakamtoka.

Salma akapiga video call, anacheka na kulia. Ami akanipokonya simu: "Hongera mwanangu! Tumeiona yote!"

Nikasema kwa sauti, "Muongo! Katukosesha kwa mpira wake."

Sasa ukoo mzima eti nimemvunjia mkubwa heshima.

Na heshima ya mama je? Semeni nyinyi.