Mogaka Alivyotaja Ng'ombe Mezani kwa Mzee Crispin

Mzee alitamka neno moja tu mezani, na Mogaka akasimama akaanza kutaja ng'ombe.

Ng'ombe! Ufilipino!

Wakuu, kaeni vizuri. Haya yalinikuta mwaka 2011, na wahusika wote wako hai na wanapita humu mitandaoni, kwa hiyo sina ujanja wa kuongeza chumvi.

Naitwa Deo. Mzaliwa wa Pangani, mkazi wa Toronto. Wakati huo nilikuwa nafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee kule Don Mills, na humo ndimo nilimokutana na Marivic. Mfilipino. Mpole kwa wazee, mkali kwangu.

Nilikuwa nimekufa nimeoza. Sizungushi maneno.

Tatizo lilikuwa baba yake, Mzee Crispin, baharia mstaafu na mjane. Marivic alishanipa msimamo wake mapema: "Baba akikataa, siolewi na wewe. Sitaki ndoa ya kununiana."

Na mzee alikuwa na sifa zake. Mchumba wa dada mtu aliomba kuoa siku ya kwanza alipofika nyumbani, akaonyeshwa mlango kabla hajamaliza soda.

Basi Marivic akasuka mpango. Mwezi wa tano twende kwao Tayabas, mji wa kale, kwenye sikukuu ya Mtakatifu Isidro.

"Njoo kama mtalii," akaniambia. "Kula, piga picha, cheka. Habari ya ndoa mpaka sikukuu ipite. Umenielewa?"

"Nimekuelewa. Ila kwetu mtu haendi ukweni bila mshenga."

"Basi mshenga wako akae kimya."

Hapo ndipo nilipoingia choo cha kike. Nilimchukua Mogaka.

Mogaka ni Mkisii wa Keroka, dereva wa gari la kusambaza fanicha, anakaa kwenye maghorofa ya Jane and Finch. Mtu wa watu, hana baya na mtu. Ila mdomo sasa! Halafu kwake L na R ni kitu kimoja. Lori ni rori. Akikwambia anakwenda "kura", usitafute kituo cha kupigia, tafuta sahani.

Tukafika.

Mzee Crispin alitupokea mlangoni. Mkono mgumu, uso mkavu. Akatamka "welikamu" moja, akatugeuzia mgongo akatuonyesha chumba.

Siku zilizofuata alitutembeza mji mwenyewe, kimya kimya, mwavuli mkononi. Kanisa kubwa la zamani lililojengwa kwa umbo la ufunguo. Nyumba za mbao zenye madirisha ya magamba ya chaza. Na chakula, jamani! Soseji za vitunguu saumu. Samaki wa tui. Keki ya muhogo wanayoiita budin. Muhogo, nazi, ndizi, mimi nikajiona niko kwa shangazi yangu Pangani.

Mogaka yeye kazi yake ilikuwa kutoa maoni kwa sauti.

"Buda, huyu mzee ana sura ya askari jela. Anakucheki ni kama umeiba gunia la mahindi."

"Punguza sauti bwana!"

"Nimpunguzie nani? Huku Kiswahili ni mimi na wewe tu. Manze, huu ndio uhuru!"

Na kweli ulikuwa uhuru. Toronto huwezi kumsema mtu kwa Kiswahili ndani ya basi. Lazima kiti cha nyuma kuna mama wa Kihindi aliyezaliwa Mwanza, atakugusa bega akwambie, "Mwanangu, nakusikia." Tayabas tukaachia midomo. Tukamsema mzee kofia yake, tukamsema mwendo wake, tukamsema alivyokuwa akitafuna taratibu kama anasikilizia jino.

Siku moja akatupeleka kwenye daraja la mawe la enzi za Mhispania, Malagonlong. Mzee mbele, sisi nyuma.

"Na akikataa?" Mogaka akaniuliza. "Si umtoroshe tu dem? Canada ni kubwa."

"Siwezi."

"Kwa nini? Unaogopa huyu askari jela?"

"Mogaka, sikiliza. Yule binti kila Jumapili kabla hajaongea na baba yake kwenye kompyuta, anachana nywele, anavaa hereni. Kwa kompyuta! Nikimtenganisha na huyu mzee nitakuwa nimeoa nusu mtu. Akikataa narudi zangu Toronto, nahama kazi, naumia mpaka nipone. Lakini simwibii mtu mwanawe."

Mzee akasimama kidogo pale mbele, akakohoa, akaendelea kutembea.

Mkesha wa sikukuu tukakaa mezani: mimi, Mogaka, Marivic, mzee na Lola. Lola kwao maana yake bibi, na huyu ni bibi yake Marivic. Huyu bibi alisomeshwa na masista, Kiingereza chake kimenyooka kuliko changu, na kila akisikia jina langu anapiga ishara ya msalaba, maana Deo kwake ni Kilatini cha misa.

Mzee akamimina pombe kali ya mnazi. Akasimama. Akaweka mkono juu ya kichwa cha Marivic, akaniangalia usoni, akasema maneno marefu ya Kitagalogi, na mwisho akatamka lile neno.

Mimi nilisikia "mahal".

Hilo ndilo neno la kwanza nililofundishwa na Marivic. Kwa Kitagalogi mahal ni mpenzi, na pia ni kitu cha bei mbaya. Nikajua mzee anasema anampenda bintiye. Macho yakanilowa.

Mogaka alisikia "mahari".

Akasimama. Akafunga vifungo vya koti. Akakohoa kama diwani.

"Mzee," akaanza kwa Kiingereza, "tunashukuru kwa kulifungua hili jambo wewe mwenyewe. Sisi tumekuja kamili. Ng'ombe wapo."

Kijiko cha Marivic kikadondoka.

"Ng'ombe gani?" Lola akauliza.

"Wa maziwa, bibi. Wa kisasa. Wako Keroka, wamenona."

"Watakuja kwa ndege?"

"Hayo tutapanga."

Nilimpiga teke chini ya meza mpaka kidole kikaniuma. Nikamwambia kwa Kiswahili, "Kaa chini wewe! Amesema mahal! Amesema anampenda mtoto wake!"

"Wacha, buda. Mahari naijua. Nimelipa yangu mwenyewe."

Mzee Crispin akaweka glasi mezani. Akajifuta mdomo kwa kitambaa, akakiacha kitambaa palepale mdomoni, akatoka nje. Mabega yalikuwa yanamtikisika.

Nimeshamwona mwanaume akitetemeka kwa hasira. Nikajua kimenuka.

Marivic hakunifokea. Angenifokea ningepata nafuu. Alikusanya sahani moja moja, akasema tu, "Nilikuomba kitu kimoja, Deo." Nikaenda bafuni, nikafungulia maji, nikalia kama mtoto.

Asubuhi ikawa sikukuu. Mji mzima umepambwa: nyumba zimevalishwa mboga, mananasi, mikungu ya ndizi, kila dirisha limening'inizwa suman. Suman ni wali wa kunata uliopikwa kwa tui na kufungwa kwenye majani. Sanamu ya mtakatifu inapitishwa barabarani, na ikipita kwako, unawarushia watu suman kutoka dirishani. Umati unagombania. Wengine wamegeuza miavuli juu chini wadakie humo.

Mimi na Mogaka tulijificha katikati ya umati chini ya nyumba ya mzee. Aibu tu. Nilikuwa nimeshafunga begi.

Suman zikaanza kunyesha. Moja ikampata Mogaka katikati ya paji la uso, pa!

"Buda, hii imerushwa na kinyongo," akasema, huku anaifungua aile.

Ndipo sauti ikatoka dirishani.

"Wewe wa ng'ombe! Panda juu! Nawe Deo, wangoja nini hapo? Chai yapoa!"

Kiswahili.

Tena cha Mombasa.

Mogaka akabaki na suman mdomoni. Akageuka kushoto, akageuka kulia. "Ni nani ameongea?"

Nilikuwa namwangalia Mzee Crispin, na Mzee Crispin alikuwa anacheka, meno yote nje.

Tulipanda ngazi kama wanafunzi walioitwa na mwalimu mkuu. Mzee alikuwa amekaa na birika lake.

"Meli yetu iliharibika Kilindini," akasema. "Mwenye meli akatutelekeza. Watu wa Makadara ndio walotulisha, hata nikajua bei ya mchicha sokoni. Sasa nauliza. Mimi nna sura ya askari jela?"

Mogaka akaanza kuchunguza dari.

"Mzee," nikasema, "shikamoo. Kwa nini hukutuambia?"

"Niwaambie vipi, na nyinyi mwanipa habari bure? Mimi hata sijui kama natafuna vibaya. Ni nyinyi mulonifunza."

Marivic alikuwa kasimama mlangoni, kapigwa butwaa. Alijua baba yake alifika Afrika. Hakuwahi kumsikia akiongea lugha ya huko hata neno moja. "Mnazungumza nini?" akawa anauliza. "Baba, unazungumza nini?"

Nikapata nguvu ya kuuliza. "Na jana mezani?"

"Jana nilisema mahari. Kwa Kiswahili safi. Huyu alisikia sawa. Wewe ndiwe ulokosea. Nami nilitoka nje nicheke, maana huyu na ng'ombe wake angeniua."

"SI NILIKUAMBIA!" Mogaka akaruka. Mpaka leo kila harusi Toronto anaisimulia hii, na kila mara mimi ndiye mjinga.

Kisha mzee akaacha kucheka.

"Yule wa kwanza alitaka mtoto wangu tu, hakuniona mimi. Wewe nilikusikia kule darajani, na hukujua kama nasikia. Basi nimekupa."

Nikamshika mkono nikaubusu, na Lola akapiga ishara ya msalaba.

"Lakini mahari naitaka," akasema. "Na si ng'ombe. Nyote munaishi kule kwa wasemao Kiingereza. Mjukuu wangu nikizungumza naye, anijibu kwa lugha ya babake au ya mamake. Siku akinijibu zote mbili, mahari imelipwa. Akinijibu Kiingereza, nakudai."

Nikacheka. Nikasema hiyo mbona rahisi!

Rahisi wapi.

Leo ni 2017. Binti yetu Ligaya ana miaka minne. Ukimwambia kwa Kiswahili alete kandambili, analeta. Mama yake akimwita kwa Kitagalogi, anakuja mbio. Anaelewa kila kitu, na anajibu Kiingereza kitupu. Kila Jumapili mzee anatokea kwenye simu, anamsalimia, anajibiwa kwa Kiingereza, halafu ananitafuta mimi kwenye kioo: "Deo. Nimeoza binti bure?"

Jumapili iliyopita akamuuliza kwa Kiswahili, kama kawaida, "Mjukuu wangu, umekula?"

Ligaya alikuwa anapaka rangi kitabu chake, hata hakuinua kichwa. "Nimeshiba, Babu."

Mimi nikaruka, nikagonga meza, chai ikamwagika. Marivic akaziba mdomo. Kwenye simu mzee alivua miwani, akaifuta muda mrefu, na machozi yakamtoka hadharani, yeye na uso wake ule mkavu.

"Mzee!" nikapiga kelele. "Umesikia? Nimelipa!"

Akavaa miwani.

"Umelipa nusu," akasema. "Sasa niitie mke wako, naye nina maneno naye."

Wakuu, nimejifunza mawili. Ukiwa ugenini, mseme mtu kwa namna ambayo akikuitikia hutazimia. Na watoto wenu muongee nao lugha zenu tangu wakiwa mgongoni. Mimi nilichelewa, na mkwe wangu hana mpango wa kunisamehe hata nusu iliyobaki.