Kundi la Ng'ambo

Karisa alikuwa uwanjani na wanafunzi wake wa Kisauni habari ilipomfikia: kaka yake Chengo, mwalimu wa mpira wa shule ya Likoni, amefariki.

Kila mwaka kamati ya mashindano iliiweka Likoni kundi moja na shule za Kwale, kwa kuwa ziko ng'ambo ya feri, na ndugu hao hawakukutana uwanjani hata mara moja.

"Unanikimbia, mdogo wangu," Chengo alizoea kumtania. "Muombe Mungu bahari ikauke, nikutie mabao!"

Karisa aliomba kweli. Mwaka huu makundi yakabadilishwa, wakapangiwa kucheza Jumamosi.

Jumamosi hiyo Karisa alivuka na timu yake. Vijana wa shule zote mbili walipokezana jeneza hadi makaburini Timbwani. Kasisi akasali, Karisa akatia udongo, wakaimba, wakarudi ferini.