Grupu Iliyobaki na Watu Wawili

Siku niliyofungua grupu ya Wasapu ya darasa langu la uuguzi, nusu ya wanafunzi walitoka kabla sijaandika hata salamu. Huku kwetu Litein, ukijikuta kwenye grupu usiyoijua, ujue kuna harusi au mazishi na mchango unakuja. Nilikasirika. Niliwarudisha mmoja mmoja, kisha nikawaambia darasani, "Hakuna aliyekufa. Ni masomo tu." Walicheka, mimi sikucheka.

Niliifungua kwa ajili ya msichana mmoja. Mama yake alikuwa mchuma chai kule Roret, akapooza upande mmoja, na hapakuwa na mwingine wa kumtunza. Mkuu wa idara alisema anayekosa masomo hafanyi mtihani, arudie mwaka. Tulibishana mpaka koo likanikauka. Mwishowe akakubali: mradi ajibu kila swali nitakalotuma, atahesabiwa yuko darasani.

Basi kila asubuhi nilituma swali. Wengine waliandika majibu ya kivivu, "sawa madam" na kadhalika, eti hilo nalo ni jibu. Yeye alituma sauti, na nyuma yake ungesikia kuku, au mvua ya mawe kwenye mabati. Alieleza alivyomgeuza mama kitandani, alivyomlisha uji bila kumpalia. Wenzake wakaanza kumuuliza, kubishana, hata kutaniana. Nilifurahi kuliko nilivyoonyesha.

Jumatatu moja niliuliza: utajuaje kidonda cha kulala kitandani muda mrefu kinaanza, kabla ngozi haijapasuka? Hakujibu. Jioni mwenzake akaandika kwamba mama amepumzika.

Papo hapo grupu ikawa kamati ya mazishi. Ilipata mwenyekiti, mweka hazina, na mtu wa kutafuta gari la kutoa mwili mochari ya Kapkatet. Swali langu lilifunikwa na pole na maombi, na sikulalamika. Tulienda wote, tukamzika kando ya chai yake.

Kesho yake nikafungua simu. Ametoka. Ametoka. Ametoka. Mazoea yana taabu: huku mazishi yakiisha, grupu imekwisha, watu wanatoka kama wanavyorudisha viti vya kukodi. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Niliandika kwa hasira kwamba hii ni ya masomo, lakini aliyetoka atasomaje?

Nilimfikiria yeye, peke yake katika nyumba ile, akitazama darasa lake likimwacha jina baada ya jina. Roho iliniuma sana. Kufikia saa sita tulibaki wawili, mimi na yeye. Nikaogopa kuona jina lake likifuata, maana hapo mtihani ungekuwa umekwenda, na pengine masomo yote.

Halafu nikaona anarekodi sauti.

"Madam, pole kwa kuchelewa kujibu. Ngozi yetu nyeusi haionyeshi wekundu vizuri, kwa hivyo unatumia mkono. Unagusa kisigino, nyonga, mgongo chini. Mahali panapotaka kuharibika panakuwa na joto, tena pagumu. Upande huo usimlalishe tena."

Nikamsikia akivuta pumzi.

"Mama nilimwosha mwenyewe kabla hajachukuliwa. Nilimwangalia mwili wote, madam. Hakuwa na kidonda hata kimoja."