Siku Opereta Alipomuaga Mgeni

Mtaa mzima walimwita Opereta, na hata mkwewe, mke wa mwanawe, akijisahau, alimwita hivyo hivyo. Alikaa kwenye switchibodi ya hospitali tangu ujana wake hadi alipostaafu, akiunganisha simu za madaktari, za wodi, na za watu waliokuwa wakilia. Macho yalimwacha akiwa bado msichana, lakini hilo halikumzuia kazi. Kilichomkera ni watu kumsemesha kwa kelele, kana kwamba na masikio nayo yameondoka.

Kwenye pembe ya sebule alikuwa na kompyuta yake, na ndani ya kompyuta alikuwamo Mgeni. Ndivyo alivyoibatiza ile programu iliyomsomea skrini, maana ilisoma Kiswahili kwa ulimi uliopinda, kama mtu aliyeshuka kwenye ndege jana na anataka kuomba maji ya kunywa. Wengine nyumbani wakimsikia hawakuambulia kitu. Opereta alimwelewa vizuri kabisa. Kwa msaada wa Mgeni alisoma barua pepe zake na umbea wote wa wastaafu wenzake, bila kumwomba mtu macho.

Sasa kompyuta ikaanza vituko. Kila akiiwasha, Mgeni anamsomea onyo lilelile: mfumo huu umezeeka, hautalindwa tena, weka toleo jipya. Alilipuuza. Halafu likaja jingine, kwamba mwezi ukiisha barua pepe hazitafunguka kwenye mfumo wa zamani. Hapo akakaa sawasawa kitini.

Akampigia fundi kompyuta.

"Ukiweka mfumo mpya, huyo msomaji wako anaweza kugoma," fundi akamwambia. "Ni wa zamani mno. Ila mfumo mpya una sauti yake ndani, unaiamsha kwa kubonyeza vitufe fulani kwa pamoja, nitakuelekeza. Kama itakusomea Kiswahili cha kueleweka, hapo siwezi kuapa. Lakini wasiwasi wa nini, mama? Si mwanao yupo? Atakusomea."

Opereta akashukuru upesi, akakata simu kabla hajamvunjia mtu heshima.

Maana fundi, bila kujua, alikuwa amegusa donda. Mfumo uliwahi kubadilishwa mara moja huko nyuma, Mgeni akawa bubu kwa wiki kadhaa mpaka alipopatikana wa kumrekebisha. Wakati huo mwanawe, mweka stoo kwenye ghala la vipuri, mtu mpole mwenye huruma za kupitiliza, alikuwa akirudi jioni anamsomea mama yake barua. "Wanakusalimu wote," alikuwa akisema. "Wazima kabisa." Wazima wapi! Bi Kicheko, aliyekaa na Opereta bega kwa bega pale switchibodini, aliyecheka mpaka madaktari wakasahau walichopigia simu, alikuwa amelazwa hoi, na barua zote zilikuwa zinamtaja. Opereta alikuja kujua siku mtu alipompigia simu kumpa pole. Bi Kicheko alikuwa ameshazikwa.

"Nilitaka kukulinda, mama," mwanawe alisema siku ile, machozi yakimtoka.

"Unilinde na nini? Na rafiki yangu?"

Alimsamehe. Angemfanya nini, na alimzaa mwenyewe? Lakini tangu siku ile hakumpa tena kitu cha kumsomea. Hata karatasi ya dawa, ile inayokunjwa ndani ya boksi, aliipeleka kwa muuza duka wa jirani, huku mwanawe amekaa palepale barazani na macho yake mazima. Mwanawe aliliona hilo, likamchoma.

Basi ndivyo hali ilivyokuwa. Akikataa mfumo mpya, barua zinafungwa. Akikubali, Mgeni anaweza kuzimika na ile sauti ya mfumo mpya isiamke. Huku na huku anarudi palepale, kusubiri kuambiwa "wanakusalimu wote". Jambo hilo lilimnyima raha. Mkwewe alimkuta jikoni akisugua sufuria iliyokwisha kung'aa.

"Mama, hiyo sufuria imekukosea nini?"

"Nafikiri, mwanangu. Sufuria imejiingiza tu."

Jumamosi asubuhi, baada ya chai, akapiga moyo konde, akamwita mwanawe.

"Njoo na kiti. Leo tunaweka huo mfumo."

"Niachie mimi, mama. Wewe pumzika, nita..."

"Thubutu! Vidole ni vyangu. Wewe utatoa macho tu." Alisubiri mpaka akasikia kiti kimekaliwa. "Sasa nisikilize. Switchibodini daktari akitoa ujumbe, unaurudia neno kwa neno, yeye anaitikia 'ndivyo', ndipo unaunganisha. Opereta hachagui maneno. Utasoma, nitarudia, utaitikia, nitabonyeza. Hata ukiona ni upuuzi, usome huo upuuzi."

"Sawa, mama."

Madirisha ya mwanzo Mgeni aliyasoma mwenyewe. Kisha likaja dirisha asilolijua, akaanza kuweweseka: "Kitufe. Kitufe. Kitufe."

"Haya," akasema Opereta. "Zamu yako."

Yalikuwa masharti. Mwanawe alisoma kidogo, akapumua. "Mama, haya ni maneno mengi tu, kila mtu hubonyeza 'nakubali'..."

"Soma."

Akasoma. Akasoma mpaka sauti ikamkauka, na mama anarudia nyuma yake, na yeye anaitikia ndivyo, ndivyo, ndivyo. Mkwewe aliwaletea maji, akasikiliza kidogo, akajiondokea akitikisa kichwa.

Dirisha lililofuata lilipofunguka, mwanawe hakusema kitu.

Opereta alikijua kimya cha kila namna. Miaka yote ile alikuwa amesikia watu wakivuta pumzi kabla ya kutoa habari, na alijua pumzi ya habari njema na pumzi ya ile nyingine. Alimsikia mwanawe akimeza mate. Kidole cha Opereta mwenyewe kilikuwa tayari juu ya kitufe. Mwanawe angesema "hamna kitu, endelea", mama angebonyeza, na asingejua kamwe alichobonyeza. Alitamani kumkemea asome. Akauma ulimi. Alitaka amsikie atafanya nini bila kusukumwa.

"Programu ifuatayo haiendani na mfumo mpya," mwanawe akasoma taratibu. "Itaondolewa. Haitaweza kurudishwa." Akasita, kisha akalisoma jina. "Ni yeye, mama. Ni Mgeni." "Nilitaka kukwambia hamna kitu."

"Najua. Nimekusikia ukitaka."

Opereta akarudia neno kwa neno, hadi "haitaweza kurudishwa". Aliogopa, na aliogopa kweli kweli. Lakini safari hii alijua anachokiogopa, hakuna aliyemficha.

"Ndivyo," mwanawe akaitikia, kwa shida.

"Haya, Mgeni. Umenifaa sana. Nenda salama." Akabonyeza.

Mgeni akasema "kitufe" mara ya mwisho, akanyamaza.

Wakangoja. Kila asilimia ilipobadilika mwanawe aliisoma, na mama akairudia, mpaka mwenyewe akachoka. "Asilimia unaweza kuziruka, bwana."

"Opereta hachagui maneno, mama."

Alicheka. Hakutegemea kucheka siku hiyo, tena kuchekeshwa na huyu!

Kompyuta ilipojizima na kujiwasha, akabonyeza vile vitufe alivyoelekezwa na fundi. Kimya. Akabonyeza tena. Kimya. Akasikia mkono wa mwanawe ukija.

"Toa mkono wako."

Akashikilia vitufe kwa nguvu zaidi, akahesabu pumzi, akaachia. Sauti ya mwanamke ikalipuka kwenye spika, mbio mbio, kwa lugha ya kigeni. Mwanawe akamsomea orodha ya lugha, moja baada ya nyingine, hata zile ambazo hakuna aliyezihitaji, mpaka wakaifikia ya kwao.

"Karibu," ile sauti ikasema, kwa Kiswahili kilichonyooka kuliko cha mtangazaji wa taarifa ya habari.

"Huyu anajidai," akasema Opereta, lakini alikuwa amefurahi. Akafungua barua zake mwenyewe, akasikiliza ya kwanza, ya pili. Zote zilisomeka.

Mwanawe akainuka, kiti kikalia sakafuni. "Basi, mama. Hunihitaji tena."

"Kaa."

Akaingiza mkono mfukoni, akatoa karatasi iliyokunjwa kunjwa kutoka boksi la dawa, akamnyooshea.

"Nisomee."

"Si huwa unampelekea muuza duka?"

"Muuza duka ana wateja wake. Soma yote, hata yale maandishi madogo ya chini."

Alisikia karatasi ikikunjuliwa, ikachukua muda kunyooka. Kisha mwanawe akasafisha koo.

"Soma maelezo haya kabla ya kutumia."

"Soma maelezo haya kabla ya kutumia," mama yake akarudia.

"Ndivyo," akaitikia.